Mwalimu wa Kiingereza Aende Nchi Gani?

Kila mwaka vyuo vikuu vya Kenya, Uganda na Tanzania hutoa maelfu ya wahitimu wa ualimu, na wengi wao somo lao la kufundishia ni Kiingereza. Nafasi za serikali hazitoshi. Nchini Kenya, walimu waliosajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) lakini hawajaajiriwa wanahesabiwa kwa malaki. Tanzania, kila ajira za ualimu zinapotangazwa, waombaji huzidi nafasi mara nyingi. Ndiyo maana habari ya kwenda kufundisha nje imekuwa mazungumzo ya kawaida sebuleni: wazazi wanajadili kama wauze kiwanja au wakope kwenye chama ili kijana apate nauli ya Thailand, China au Oman.

Wapo wanaoufunga mjadala huo kwa kusema mchagua jembe si mkulima, popote penye mshahara ni pa kwenda. Mimi naona kinyume. Katika kazi hii, kuchagua nchi ndiyo hatua nzito kuliko zote, kwa sababu nchi mbili zenye uhaba uleule wa walimu zinaweza kukupokea kwa namna mbili zisizofanana hata kidogo. Moja itakuandika mwalimu. Nyingine itakuacha uingie darasani kila asubuhi ukiwa mhamiaji haramu.

Wengi huanza kwa kulinganisha mishahara, kisha gharama za maisha, kisha hali ya hewa na chakula. Mpangilio huo unawafaa Wamarekani na Waingereza, ambao miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa kwa ajili yao. Kwa mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki, swali la kwanza ni jingine: sheria ya nchi ile inamtambua mwalimu wa Kiingereza kwa kitu gani? Nikizitazama nchi zinazotajwa mara nyingi, naziona zimejigawa katika makundi matatu. Kuna zinazotazama pasipoti, kuna zinazodai ushahidi wa lugha, na kuna zinazotazama taaluma ya ualimu. Ukishajua nchi unayoitaka iko kundi gani, sehemu kubwa ya uamuzi wako imeshakamilika.

Korea Kusini ni mfano wa wazi wa kundi la kwanza. Viza ya walimu wa lugha, inayoitwa E-2, kwa Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mpango wa serikali wa kupeleka walimu wa kigeni katika shule za umma, EPIK, ulioanza mwaka 1995, unafuata orodha hiyohiyo. Mkenya aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne hadi chuo kikuu, akafaulu vizuri na kufundisha miaka mingi, hana mahali pa kujaza jina lake kwenye fomu ile.

Afrika Kusini ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini katika orodha hiyo. Ni nchi yenye lugha rasmi nyingi, na kwa sensa ya mwaka 2022 wanaozungumza Kiingereza nyumbani hawafiki mmoja katika kila watu kumi. Kwa hiyo EPIK humtaka mwombaji wa huko alete barua za kuthibitisha kwamba alisoma kwa Kiingereza tangu darasa la saba hadi chuo kikuu. Mzulu aliyekulia katika lugha ya mama yake hupokelewa kwa ushahidi wa shule, na hiyo ni haki yake. Ushahidi uleule ukiletwa na mtu wa Kisumu au Mbarara hausomwi. Matamshi, sarufi na ufundi wa darasani haviingii kabisa katika uamuzi huo.

China haiko mbali na hapo. Katika mfumo wa vibali vya kazi ulioanza kutumika nchi nzima Aprili 2017, kanuni ya msingi kwa walimu wa lugha ni kwamba mtu afundishe lugha ya asili ya nchi yake, awe na shahada ya kwanza, na awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, ingawa wenye shahada ya elimu au cheti cha kufundishia lugha husamehewa uzoefu huo. Lakini mahitaji ya China ni makubwa, na penye mahitaji makubwa na sheria kali huzuka njia za pembeni. Mwalimu huambiwa asafiri kwa viza ya biashara, aina ya M, kwamba mengine yatakamilishwa hukohuko. Njia halali ni moja: viza ya Z, ambayo hutolewa baada ya mwajiri kupata barua ya kibali cha kazi, na ambayo mwenye nayo huanza kuigeuza kibali cha ukaazi ndani ya siku 30 tangu aingie nchini. Anayefundisha kwa viza ya M anavunja sheria hata kama shule ni ya kweli, watoto wanampenda na mshahara unaingia kila mwezi. Siku mwajiri atakapokataa kumlipa, hatakuwa na pa kushtaki bila kwanza kujishtaki mwenyewe.

China ina funzo jingine. Julai 2021 serikali ilitangaza sera ya kuwapunguzia watoto mzigo wa masomo. Tuisheni za masomo ya shule zilipigwa marufuku wikendi na siku za likizo, vituo vyake vikatakiwa kuacha kuendeshwa kwa faida, na kuwatumia walimu wa kigeni walioko nje ya nchi kukazuiwa. Kampuni zilizokuwa zimejaa walimu zikafunga milango au zikabadilisha biashara kwa muda mfupi. Anayechagua nchi kwa kutazama wingi wa matangazo ya kazi akumbuke kwamba soko linaloendeshwa na tuisheni linaweza kuondolewa kwa waraka mmoja.

Kundi la pili ni la nchi zinazosema: thibitisha. Hapa Afrika Mashariki yenyewe inagawanyika, na wengi hawalijui hilo. Sheria za uhamiaji za Japani, kwa baadhi ya hadhi za ukaazi, humtaka mwalimu wa lugha ya kigeni awe amesoma kwa lugha hiyo kwa angalau miaka 12. Tupige hesabu. Mkenya wa mfumo wa 8-4-4, tukianzia darasa la nne ambapo Kiingereza kilipaswa kuwa lugha ya kufundishia, ana miaka mitano ya msingi, minne ya sekondari na minne ya shahada ya ualimu: 13. Mganda, tukianzia darasa la nne hadi la saba, kisha sekondari miaka sita na shahada miaka mitatu, naye ana 13. Mtanzania aliyepita shule ya msingi ya serikali, ambako masomo hufundishwa kwa Kiswahili, ana sekondari miaka sita na shahada miaka mitatu: tisa. Mtanzania mwenzake aliyesoma shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza anavuka 12 bila shida. Vijana wawili wa mtaa mmoja wa Dodoma, wenye shahada moja kutoka chuo kimoja, wanaweza kupewa majibu mawili tofauti. Kwa hiyo kabla ya kulipia chochote, kaa na vyeti vyako, andika lugha ya kufundishia kwa kila mwaka, kisha uzitafute barua za shule zinazothibitisha. Barua hizo ni rahisi kuzipata ukiwa nyumbani kuliko ukiwa tayari Osaka.

Japani ina pia mpango wa JET, ulioanza mwaka 1987, unaowapeleka vijana wenye shahada kuwa walimu wasaidizi katika shule za umma. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, hauwezi kuzidi miaka mitano, na nauli hulipwa na mpango. Maombi hupitia ubalozi wa Japani, si wakala, na orodha ya nchi zinazoshiriki hubadilika. Atakayekuambia ana nafasi za JET za kuuza, mkimbie.

Thailand humtaka mwalimu awe na shahada, viza ya Non-Immigrant B, kibali cha kazi na ruhusa ya Baraza la Walimu, Khurusapha. Asiyetoka katika nchi zinazohesabiwa kuwa za Kiingereza huongezewa mtihani, kwa kawaida TOEIC, kwa alama zisizopungua 600 kati ya 990. Mhitimu wa Kiingereza wa Makerere au Nairobi anazipata alama hizo. Linaloumiza linakuja baadaye: shule nyingi zina viwango viwili vya mishahara, kimoja cha wanaoitwa wazungumzaji wa asili na kingine cha chini kwa Wafilipino na Waafrika, kwa vipindi vilevile na watoto walewale. Mikataba mingine hulipa miezi kumi tu ya mwaka, na miezi ya likizo ni juu yako. Hilo halionekani kwenye tangazo. Linaonekana ukiuliza swali moja: mshahara huu ni wa miezi mingapi?

Vietnam nayo hudai shahada, cheti cha kufundishia, hati ya polisi na vipimo vya afya kabla ya kibali cha kazi, na kwa asiyehesabiwa mzungumzaji wa asili huongeza ushahidi wa kiwango cha juu cha lugha au shahada ya lugha yenyewe. Vituo vingi vya huko hulipa kwa saa, kwa hiyo sikukuu ndefu ya Tet inaweza kuwa kipindi cha kula akiba.

Pamoja na kasoro hizo, nchi za kundi la pili zina ubora mmoja ambao za kundi la kwanza hazina: masharti yake mengi yako ndani ya uwezo wa mwalimu mwenyewe. Mtihani unasomewa na cheti kinasomewa. Hata hivyo, vyeti navyo havilingani. CELTA, kinachosimamiwa na Cambridge, kina masaa 120 ya mafunzo na masaa sita ya kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi akikaa nyuma ya darasa akiandika tathmini. Mtandaoni vipo vyeti vinavyopatikana kwa wikendi moja bila kumwona mwanafunzi hata mmoja. Kabla ya kutoa pesa, uliza kama kuna saa za darasani zinazosimamiwa. Jibu likiwa hapana, unanunua karatasi, na mwenye B.Ed. aliyekwisha kufanya mazoezi ya kufundisha ameshapita hapo.

Kundi la tatu liko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka 2008 ikaamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia, na mwaka 2009 ikaingia Jumuiya ya Madola. Walimu waliosomea Kifaransa walijikuta wakitakiwa kufundisha hesabu na sayansi kwa lugha wasiyoimudu, na mahitaji ya watu wa kuwasaidia na kuwaongezea nguvu hayajaisha hadi leo. Oktoba 2022 kundi la kwanza la walimu 154 kutoka Zimbabwe lilikwenda Rwanda kwa makubaliano ya serikali mbili. Mwaka huohuo Rwanda ilipandisha mishahara ya walimu wake wa msingi kwa asilimia 88 na ya wenye diploma na shahada wa sekondari kwa asilimia 40. Burundi iliingiza Kiingereza na Kiswahili katika madarasa ya mwanzo ya msingi tangu mwaka 2005 na kukifanya Kiingereza lugha rasmi mwaka 2014. Sudan Kusini ilikichagua kuwa lugha rasmi ilipopata uhuru mwaka 2011.

Katika nchi hizi hakuna anayekuuliza ulizaliwa katika Kiingereza cha nani. Unaulizwa umesomea nini na umefundisha wapi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatambua haki ya wafanyakazi kuvuka mipaka kwa masharti ya kila nchi, na Kenya na Rwanda zimefutiana ada za vibali vya kazi. Ni kweli mshahara wa Kigali hauufikii wa Shanghai. Lakini kutoka Kampala unakwenda Kigali kwa basi, mzazi akiugua unafika kabla hajalazwa siku ya pili, na kipindi ulichofundisha kinaandikwa kwenye wasifu wako kama ualimu. Lililo zito upande huu ni usalama. Juba imepitia vita tangu Desemba 2013, na Goma na Bukavu, miji ya Wakongo wazungumzaji wa Kiswahili wenye kiu kubwa ya Kiingereza, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mapema mwaka 2025. Mwalimu asiende mahali ambapo mkataba wake hauna kipengele cha kumwondoa hali ikiharibika.

Ghuba inasimama kati ya makundi haya. Oman ina historia yake na sisi: baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, Waomani waliotoka Zanzibar walirudi na elimu na Kiingereza, wakaingia katika ofisi na shule za nchi iliyokuwa inaanza kujengwa. Mpaka leo Mtanzania au Mkenya wa pwani hakosi watu wa kuongea nao Kiswahili mjini Muscat. Ajira hapo hutazama shahada na uzoefu, na sheria ina kiinua mgongo mwisho wa mkataba. Ila kibali cha ukaazi kinashikwa na mwajiri. Tangu Januari 2021 Oman imemruhusu aliyemaliza mkataba kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya kutokuwa na pingamizi, na hiyo ni hatua kubwa. Anayevunja mkataba katikati bado yuko katika hali ngumu. Kwa hiyo katika Ghuba mkataba husomwa kabla ya kusafiri, neno kwa neno, na nakala yake huachwa nyumbani.

Inafaa pia kujua wazo la kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni aliyezaliwa nacho lilipata wapi nguvu, kwa sababu sehemu ya jibu iko Kampala. Januari 1961, Makerere ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Jumuiya ya Madola kuhusu kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Mwanaisimu Robert Phillipson, katika kitabu chake Linguistic Imperialism cha mwaka 1992, alichambua misingi iliyotokana na mkutano huo: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu anayefaa zaidi ni mzungumzaji wa asili, kwamba kianze mapema iwezekanavyo, kwamba kadiri kinavyofundishwa kwa wingi ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri, na kwamba lugha nyingine zikitumika kiwango kitashuka. Phillipson aliiita yote mitano dhana potofu. Hoja ya kwamba mzungumzaji wa asili ndiye bora haikutokana na kupima wanafunzi wa nani wamejifunza zaidi. Ilitoka kwa wataalamu wa nchi zilizokuwa na walimu na vitabu vya kuuza. Zaidi ya miaka 60 baadaye, mhitimu wa Makerere hiyohiyo anakataliwa kwenye fomu ya Seoul kwa msingi uliosemwa rasmi chuoni kwake.

Na ukweli wa darasani unaipinga dhana ile. Mwalimu aliyejifunza Kiingereza akiwa na lugha nyingine kichwani anajua mwanafunzi anajikwaa wapi, kwa kuwa naye alipita hapo. Mfundishe mtoto wa Bujumbura tofauti ya nyakati mbili zilizopita za Kiingereza ukitumia sentensi moja ya Kiswahili ya kulinganisha, utaona uso wake unavyofunguka. Mgeni asiyejua lugha yoyote ya mtoto atarudia mfano uleule kwa sauti ya juu zaidi. Uwezo wa kuvuka kati ya lugha ni sehemu ya ufundi wetu. Kwa hiyo nchi zinazojua Kiswahili, au zilizo tayari kukithamini, zinapata kwetu kitu ambacho mzungumzaji wa asili hana.

Sasa nizungumzie hatari, maana imewapoteza watu. Tangazo linakuja kwa WhatsApp. Kazi ni ya kufundisha Kiingereza Thailand, mshahara umeandikwa kwa dola, shahada si lazima. Jina la shule halipo. Mahojiano ni ya dakika chache kwa simu, na hakuna anayekuuliza umewahi kufundisha darasa la ngapi. Tiketi italipwa na mwajiri, viza utapata uwanja wa ndege, ya utalii. Ukifika Bangkok utapokelewa na dereva. Gari linaondoka usiku, halisimami katika mji wowote wenye shule, linafika Mae Sot baada ya kilomita zipatazo 500, na ng'ambo ya mto ni Myawaddy, Myanmar, kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni. Mwaka 2022 serikali ya Kenya iliwaonya raia wake kuhusu kazi hizi za uongo na ikawarudisha nyumbani waliokwama. Februari 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi, Waafrika Mashariki wakiwemo, walitolewa katika kambi za eneo hilo. Kila kipengele cha tangazo lile kinaweza kupimwa kwa yale tuliyokwisha yasema: Thailand ya kweli inadai shahada, inadai TOEIC, na inadai viza ya Non-B. Ajira isiyokuuliza hata kimoja kati ya hivyo haikutafuti uwe mwalimu. Kenya, wakala wa ajira lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na Tanzania kuna kitengo cha serikali cha huduma za ajira. Kuhakiki jina la wakala ni kazi ya siku moja.

Baada ya sheria na usalama, ndipo fedha zije. Usipime mshahara, pima kinachobaki baada ya mwaka. Upande wa kutoa weka uthibitisho wa vyeti wizarani na ubalozini, hati ya polisi, vipimo, mtihani, viza, nauli, amana ya nyumba ya kupanga na maisha ya hadi mshahara wa kwanza. Kumbuka matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS hutumika kwa miaka miwili tu. Upande wa kuingiza weka miezi inayolipwa kweli, baada ya kodi. Familia iliyouza kiwanja inastahili kuiona hesabu hiyo kwenye karatasi kabla ya kusaini hati ya mauzo. Ongeza na jambo lisiloandikwa kwa pesa: utakuwa mwalimu wa aina gani ukirudi? Wapo wanaochukuliwa ili kuimba na watoto wa chekechea na kupigwa picha za vipeperushi vya shule, na baada ya miaka mitatu hawana mtaala waliousimamia wala mtihani walioutunga. Kazi ya chekechea ni ya heshima kwa aliyeisomea. Kwa aliyesomea fasihi na lugha ya sekondari, miaka hiyo inaweza kumrudisha nyuma.

Kuna mlango mwingine ambao walimu wetu wa Kiingereza hawaugongi vya kutosha. Mpango wa Marekani wa Fulbright FLTA huwachukua walimu vijana wa Kiingereza kutoka nchi mbalimbali kwenda kufundisha lugha za kwao katika vyuo vikuu vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, na Kiswahili ni mojawapo. Mtanzania yuleyule mwenye miaka tisa mbele ya sheria ya Japani, hapa ndiye mwenye lugha. Mafunzo anayopata ya kufundisha lugha kwa wageni anarudi nayo kwenye darasa lake la Kiingereza.

Lakini nisingependa mzigo wote uachwe kwa kijana mmoja mwenye bahasha ya vyeti. Orodha hizi ni kazi ya serikali, na serikali huzibadilisha zikizungumza. Mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya India na Korea Kusini, ulioanza kutumika Januari 2010, uliwafungulia walimu wa India wenye leseni nafasi ya ualimu msaidizi wa Kiingereza, ingawa India haimo katika zile nchi saba. Mwaka 2023 Uingereza, kwa shule za England, ilifungua utaratibu wa kutambua hadhi ya walimu waliosomea katika nchi tisa zaidi, zikiwemo Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Zimbabwe. Kenya, Uganda na Tanzania hazimo. Walimu wa Zimbabwe hawakufika Kigali kwa matangazo ya WhatsApp, walifika kwa makubaliano yaliyosainiwa.

Juni 2024, wakati wa mkutano wa Korea na Afrika, Tanzania na Korea Kusini zilitangaza kuanza mazungumzo ya mkataba wa ubia wa kiuchumi. Meza hiyo ndiyo mahali pa kuuliza kwa nini mwalimu mwenye shahada, usajili na alama za mtihani anakataliwa kwa sababu ya pasipoti, wakati mkataba wa aina hiyohiyo ulimfungulia Mhindi. Wizara za elimu na za kazi, TSC na vyama vya walimu wanapaswa kulipeleka suala hili mbele likiwa na jina lake, kama wanavyopeleka kahawa, maua na madini. Wizara hizohizo zingechapisha kila mwaka orodha fupi ya nchi, aina ya viza halali, vyeti vinavyotakiwa na mawakala waliosajiliwa, zingewaokoa vijana wengi kuliko onyo linalotoka baada ya watu kukwama.

Mpaka hilo litakapofanyika, ushauri wangu kwa mwalimu anayechagua ni huu. Acha kwanza nchi zinazotazama pasipoti, hata zikikuita kwa mlango wa nyuma na mshahara mnono. Chagua kati ya zinazokupima kwa lugha na zinazokupima kwa taaluma, na kama una uwezo wa kusubiri, ipe uzito ile inayotazama taaluma, kwa sababu ndiyo itakayokulinda siku mwajiri atakapokugeuka. Umesoma miaka mingi ili uitwe mwalimu. Nchi isiyoweza kukuandika hivyo kwenye kibali chake haijafikia kiwango cha kukuajiri.